Rangi au kipato: kigezo kipi kitumike kwenye udahili wa vyuo vya Marekani?

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliviamuru vyuo viache kuihesabu rangi ya mwombaji vinapogawa nafasi. Kesi zilikuwa mbili, moja dhidi ya Harvard na nyingine dhidi ya Chuo Kikuu cha North Carolina. Zote zilifunguliwa mwaka 2014 na kundi la Students for Fair Admissions lililoanzishwa na Edward Blum. Baada ya hukumu hiyo, swali lililokuwa la wasomi limekuwa la kila nyumba: rangi ikiondolewa, je, hali ya uchumi wa familia ishike nafasi yake? Na je, itaiweza kazi hiyo?

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili wengi. Kuna familia zilizofika Louisville na Dallas kutoka Kongo baada ya miaka mingi Nyarugusu au Kakuma, na kuna zilizotoka Nairobi, Arusha au Mombasa kwa viza ya masomo au bahati nasibu ya green card. Watoto wao wanajaza fomu za vyuo. Wazazi waliopata uraia wanapiga kura, na kura hizo zina uzito hapa, kwa kuwa California mwaka 1996 na Michigan mwaka 2006 hazikusubiri majaji. Ni wapiga kura wa majimbo hayo walioifuta rangi kwenye udahili wa vyuo vya umma. Mwaka 2020 wapiga kura wa California waliulizwa kama wairudishe, wakakataa.

Msimamo wangu ni huu. Rangi na kipato vinapima majeraha mawili tofauti, na anayedai kimoja kinaweza kuifanya kazi yote ya kingine anawapotosha watu. Kwa sheria ilivyo leo, na kwa mtoto wa kawaida wa familia zetu, ningepigania kipato. Lakini kipato kipimwe vizuri, na kabla ya hapo ufungwe mlango wa pembeni wanaoutumia matajiri.

Rangi inapima nini

Anayeitetea rangi huanza na historia, na ana haki ya kuanza hapo. Utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1865, ukafuatwa na karibu miaka mia ya sheria za utengano. Katika miaka ya 1930 taasisi ya serikali kuu ilichora ramani za miji na kuipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi, kumaanisha ni ya hatari kwa mikopo. Ubaguzi wa namna hiyo kwenye nyumba ulipigwa marufuku mwaka 1968 tu. Nchini Marekani nyumba ndiyo benki ya familia ya kawaida. Inakua thamani, inawekwa rehani kulipia ada, na hurithishwa. Familia iliyonyimwa mkopo mwaka 1940 haikumrithisha mjukuu wake kitu mwaka 2000.

Matokeo yanaonekana kwenye hesabu za Benki Kuu ya Marekani za mwaka 2022. Familia ya Kizungu iliyo katikati, yaani nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini, ilikuwa na mali ya dola 285,000. Familia ya Weusi iliyo katikati ilikuwa na dola 44,900. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara sita, kubwa kuliko tofauti yoyote utakayoiona kwenye mishahara.

Wengi hawaijui sehemu moja ya historia hii ya kisheria, nayo ndiyo inayoeleza mambo mengi yaliyofuata. Katika kesi ya Bakke ya mwaka 1978, chuo cha udaktari cha Davis huko California kilikuwa kimetenga nafasi 16 kati ya 100 kwa makundi yaliyobaguliwa. Mahakama ilizifuta nafasi hizo za kutengwa. Jaji Lewis Powell, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, alisema rangi inaweza kuwa kigezo kimoja kati ya vingi, lakini sababu aliyoikubali ni moja: faida ya darasa kuwa na watu wa asili mbalimbali. Hoja ya kulipa deni la utumwa na ubaguzi wa jamii nzima aliikataa. Thurgood Marshall, jaji wa kwanza Mweusi wa mahakama hiyo na ndiye aliyewasaidia wajumbe wa Kenya kuandika rasimu ya haki za binadamu kwenye mazungumzo ya Lancaster House mwaka 1960, alipinga kwa uchungu. Alisema Katiba hiyohiyo iliyoachia ubaguzi kwa miaka 200 isingeweza sasa kugeuzwa kizuizi kwa anayeurekebisha. Hoja yake haikushinda.

Kwa hiyo kwa miaka 45 rangi ilitumika vyuoni kwa ajili ya mchanganyiko wa darasa, si kwa ajili ya fidia. Kwa mantiki hiyo mtoto wa daktari kutoka Nairobi na mjukuu wa wakulima wa pamba wa Mississippi walikuwa kitu kimoja kwenye kisanduku cha fomu.

Kipato kinapima nini

Kigezo cha uchumi hakiulizi babu zako walipitia nini. Kinauliza nyumbani kwenu kuna nini leo: wazazi wanapata kiasi gani, wamesoma hadi wapi, mnaishi mtaa gani, shule yako ina masomo ya kiwango cha juu au haina hata mwalimu wa fizikia.

Hoja yake ina nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 2017 mchumi Raj Chetty na wenzake walionyesha kwamba kulikuwa na vyuo 38 vya Marekani vyenye wanafunzi wengi zaidi kutoka asilimia 1 ya familia tajiri kabisa kuliko kutoka asilimia 60 ya chini. Mwaka 2023 walivichambua vyuo 12 vinavyotamaniwa zaidi, vile 8 vya kundi la vyuo vikongwe liitwalo Ivy League pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Walikuta kwamba kati ya watoto waliopata alama sawa kwenye SAT au ACT, mitihani ya kuombea chuo, mtoto wa asilimia 1 ya juu alikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma huko kuliko mtoto wa tabaka la kati. Alama ni zilezile, lakini mtoto ni wa tajiri.

Wenye hoja hii hawakuanza jana. Mwaka 1964 Martin Luther King alipendekeza mpango mkubwa wa kuwainua wasiojiweza, akasema wazi kwamba uwahusu pia Wazungu maskini. Richard Kahlenberg, mtafiti wa mrengo wa kushoto, ameitetea hoja ya tabaka tangu miaka ya 1990, na kwenye kesi ya Harvard alitoa ushahidi upande wa walalamikaji. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Siaya, aliulizwa kwenye televisheni mwaka 2007 kama mabinti zake wastahili upendeleo wakiomba chuo. Alijibu kwamba afisa wa udahili awaone kama watoto walio na nafasi nzuri tayari, na kwamba watoto wa Kizungu waliokulia kwenye umaskini nao watazamwe. Kwa jibu hilo aligusa pale ambapo hoja ya rangi ni dhaifu zaidi.

Umaskini, hata hivyo, hauifuti rangi. Utafiti mwingine wa Chetty, wa mwaka 2018, ulifuata maisha ya mamilioni ya watoto. Wavulana Weusi na Weupe waliokulia kwenye familia za kipato sawa, mtaa mmoja, hawakuishia sawa. Katika asilimia 99 ya mitaa, yule Mweusi alipata kipato kidogo zaidi alipokuwa mtu mzima. Sean Reardon wa Stanford naye na wenzake walionyesha kwamba familia ya Weusi ya kipato cha kati kwa kawaida inaishi mtaa wenye kipato cha chini kuliko mtaa wa familia ya Kizungu ya kipato cha chini. Msomaji aisome sentensi hiyo mara ya pili. Fomu inayouliza mshahara tu haitaiona tofauti hiyo.

Vilipojaribiwa

California ndiyo imekuwa maabara ndefu zaidi. Katazo la mwaka 1996 lilianza kutumika kwenye udahili wa mwaka 1998, na mara moja idadi ya Weusi na Walatino waliokubaliwa Berkeley na UCLA, kampasi mbili za Chuo Kikuu cha California, ilianguka vibaya. Mwaka 2006 UCLA ilipata wanafunzi wapya Weusi 96 tu kati ya karibu 5,000. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California haukukaa kimya. Uliiambia Mahakama ya Juu kwamba tangu mwaka 2004 umetumia zaidi ya dola nusu bilioni kuwatafuta na kuwaandaa wanafunzi wa kipato cha chini na wa shule dhaifu. Walatino wamepanda sana, na watoto maskini wapo wengi Berkeley kuliko kwenye vyuo vingi vya binafsi. Idadi ya Weusi kwenye kampasi zinazochuja zaidi haijarudi kwenye kiwango chuo chenyewe kinachokitaka.

Michigan inasimulia vivyo hivyo. Baada ya kura ya mwaka 2006 chuo kikuu cha jimbo huko Ann Arbor kilijaribu misaada ya ada kwa maskini na ofisi za kuwafikia vijana wa Detroit. Wanafunzi Weusi wa shahada ya kwanza walikuwa karibu asilimia 7 mwaka 2006. Mwaka 2021 walikuwa karibu asilimia 4.

Texas ilichukua njia ya tatu. Mahakama ya rufaa ilipozuia rangi mwaka 1996, bunge la jimbo lilipitisha sheria mwaka 1997 kwamba asilimia 10 ya juu ya wahitimu wa kila shule ya sekondari waingie chuo cha umma moja kwa moja. Ni sheria rahisi kueleweka na imewafungulia njia watoto wa vijijini na wa mitaa ya Houston. Inafanya kazi, lakini kwa sababu inayohuzunisha: shule zenyewe bado zimetengana kwa rangi na kipato, kwa hiyo ukichukua walio juu kila shule unapata mchanganyiko. Kwa chuo cha binafsi kinachopokea waombaji wa nchi nzima, au kwa chuo cha udaktari, haifai.

Hali ya baada ya 2023 bado inatulia, na waombaji wengi wanaacha kutaja rangi, kwa hiyo takwimu zisomwe kwa uangalifu. Hata hivyo mwelekeo upo. MIT ilikuwa na wastani wa Weusi asilimia 13 miaka iliyotangulia, na darasa la kwanza baada ya hukumu likawa na asilimia 5. Amherst ilishuka kutoka 11 hadi 3. Yale ilibaki 14. Halafu kuna Princeton, na mfano wake ndio ulio wazi kuliko yote: darasa lililoingia mwaka 2025 lina robo ya wanafunzi wanaostahili Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa familia za kipato cha chini, wakati miongo miwili iliyopita hawakufika asilimia 10. Darasa hilohilo lina Weusi asilimia 5, kutoka karibu 9 mwaka uliotangulia. Chuo kilipanda kwenye kigezo kimoja na kushuka kwenye kingine kwa wakati uleule. Reardon alikuwa ameshaonyesha jambo hili kwa mifano ya kompyuta, kwamba upendeleo wa kiuchumi peke yake hauleti mchanganyiko wa rangi wa kiwango cha zamani. Sababu yake ni ya hesabu. Umaskini unawapata Weusi kwa kiwango cha karibu mara mbili ya Wazungu, lakini Wazungu ni wengi zaidi nchini, kwa hiyo kwenye kundi la maskini wenye alama za juu wao bado ni wengi.

Nani anaangukia kwenye ufa

Kila kigezo kina watu kinaowasahau, na hapa ndipo familia zetu zinapoingia.

Mwaka 2004 maprofesa wawili Weusi wa Harvard, Henry Louis Gates na Lani Guinier, walilisema hadharani jambo lililokuwa likinong'onwa. Sehemu kubwa ya wanafunzi Weusi wa chuo hicho, pengine hadi theluthi mbili, walikuwa wahamiaji kutoka Karibea na Afrika, watoto wa wahamiaji hao, au watoto wa wazazi wa rangi mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu vyuo 28 vinavyochuja sana ulikuta asilimia 27 ya wanafunzi Weusi wana asili ya uhamiaji, ilhali vijana wa asili hiyo walikuwa asilimia 13 tu ya vijana Weusi nchini. Kigezo kilichozaliwa na mapambano ya wazao wa watumwa kilikuwa kinawabeba zaidi wengine. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunapaswa kulikubali hili bila kujitetea. Mtoto wa mhasibu aliyetoka Dar es Salaam akikulia kwenye mtaa mzuri wa Houston anaweza kubaguliwa na polisi au mwalimu kama Mweusi mwingine yeyote, na hilo ni la kweli. Lakini hakurithi ramani ya rangi nyekundu ya mwaka 1935.

Kipato nacho kina ufa wake kwetu. Chukua familia mbili zinazoishi jengo moja. Katika ya kwanza, baba ana shahada ya Makerere na mama alikuwa mwalimu wa sekondari. Vyeti vyao havijatambuliwa Marekani, kwa hiyo baba anaendesha Uber usiku na mama anawahudumia wazee. Katika ya pili, wazazi walizaliwa Fizi huko Kongo, wakakulia kambini, na hawakumaliza shule ya msingi. Kodi ya mapato ya familia hizi inaonyesha kiasi kilekile. Kwenye fomu ya zamani ya rangi zote zilikuwa kisanduku kimoja, na kwenye fomu ya kipato zote ziko daraja moja. Lakini mtoto wa kwanza ana wa kumsahihishia insha na kumweleza SAT ni nini. Mtoto wa pili ndiye anayewatafsiria wazazi barua za mwenye nyumba na maneno ya daktari tangu akiwa na miaka tisa. Ukiongeza swali moja tu, kwamba wazazi wamesoma hadi wapi, tofauti inajitokeza. Rangi isingeweza kuionyesha kamwe.

Kama ni kipato, basi kipimwe hivi

Aliyewahi kujaza fomu ya mkopo ya HESLB au HELB anajua kwamba umaskini ni kitu kigumu kukithibitisha kwenye karatasi. Marekani si tofauti sana. FAFSA, fomu ya serikali kuu ya msaada wa masomo, inatazama mapato ya mwaka na akiba, lakini haiulizi thamani ya nyumba mnayoishi wala akiba ya uzeeni ya wazazi. Kwa hiyo familia yenye nyumba ya dola laki sita iliyolipwa yote na familia inayopanga zinaweza kuonekana sawa. Mstari wa kuandika pesa unayotuma Kigoma kila mwezi haupo.

Ndiyo maana naamini hoja ya mali ina uzito kuliko hoja ya mshahara. Pengo la mali kati ya Weusi na Wazungu ni kubwa kuliko pengo la mishahara, na limetokana moja kwa moja na historia ile ile. Chuo kinachopima mali ya familia, elimu ya wazazi, hali ya mtaa na ubora wa shule kinapata picha iliyo karibu zaidi na ukweli kuliko kinachopima mshahara tu, na kinafika karibu na pale rangi ilipokuwa inafika, ingawa hakifiki kabisa. Vyuo vingi vya binafsi hutumia fomu nyingine, CSS Profile, ambayo huuliza kuhusu nyumba. Taarifa hizo vinazo. Kinachokosekana ni nia ya kuzitumia mwanzoni, wakati wa kuchagua, badala ya mwishoni wakati wa kugawa msaada.

Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder kilijaribu kitu cha namna hii zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kilikuwa na kipimo kimoja cha ugumu aliopitia mwombaji, na kingine cha jinsi alivyowapita wenzake wa hali kama yake. Cha pili nakipenda zaidi. Mtoto aliyepata alama 1250 za SAT kwenye shule ambayo wastani ni 900 ameonyesha uwezo ambao alama peke yake haiusemi.

Mlango wa pembeni

Kuna kigezo cha tatu ambacho hakina kisanduku. Kesi ya Harvard ililazimisha chuo kufungua vitabu vyake, na wachumi wakiongozwa na Peter Arcidiacono, aliyekuwa shahidi wa walalamikaji, wakavisoma. Asilimia 43 ya Wazungu waliokubaliwa walikuwa wanamichezo waliosajiliwa, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au watu wa orodha ya mkuu wa udahili inayohusisha wafadhili. Kwa makadirio yao, robo tatu ya hao wangekataliwa kama wangepimwa kama mwombaji wa kawaida. Kwa Weusi, Walatino na Waasia waliokubaliwa, sehemu ya kundi hilo haikufika asilimia 16.

Jaji Ketanji Brown Jackson aliligusa hili kwenye maoni yake ya kupinga hukumu. Aliwachora waombaji wawili wa North Carolina, mmoja Mzungu ambaye angekuwa kizazi cha saba cha familia yake kusoma pale, mwingine Mweusi ambaye angekuwa wa kwanza kwa sababu waliomtangulia hawakuruhusiwa kuingia. Hukumu inaruhusu chuo kuisikiliza fahari ya vizazi saba kama jambo la kawaida.

Johns Hopkins, Amherst na Wesleyan zimeacha upendeleo kwa watoto wa wahitimu. Colorado na Virginia zimeukataza kwa sheria kwenye vyuo vya umma, na Maryland na California zikaufuta hata kwa vyuo vya binafsi kwa sheria za mwaka 2024. Mimi nasema hiki ndicho cha kwanza kudai, kabla ya ubishi wa rangi na kipato. Chuo kinachosema kinajali maskini huku kikiwawekea akiba ya nafasi watoto wa wafadhili hakistahili kuaminiwa.

Sheria inaruhusu kipi

Rangi kama kisanduku imekwisha. Kipato kinaruhusiwa. Katikati kuna eneo la ubishi, na kesi ya shule ya sekondari Thomas Jefferson huko Virginia inalionyesha vizuri. Mwaka 2020 shule hiyo ya vipaji iliacha mtihani wa kuingilia ikaanza kuchukua asilimia 1.5 ya juu kutoka kila shule ya kati ya eneo lake. Watoto wa familia za kipato cha chini walipanda kutoka asilimia 1 hadi 25. Weusi walipanda kutoka 1 hadi 7, na Waasia walishuka kutoka 73 hadi 54. Wazazi walishtaki, mahakama ya rufaa ikauruhusu mpango huo, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Lakini Julai 2025 Wizara ya Sheria ilitoa mwongozo ukizionya taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu zisitumie makazi au mambo mengine kwa nia ya kuifikia rangi kwa mlango wa nyuma.

Neno zito hapo ni nia. Chuo kinachotumia kipato kama kificho cha rangi kinajitafutia kesi, na pia, kama Princeton inavyoonyesha, hakitapata kinachokitafuta. Kinachotumia kipato kwa sababu kinaamini mtoto maskini mwenye uwezo anastahili nafasi kiko salama, na kinasema kweli.

Ukitaka kuona nchi iliyokataa kuchagua kimoja, itazame Brazil. Sheria ya mwaka 2012 inatenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma sekondari za umma. Nusu ya hizo ni za familia za kipato cha chini, na ndani ya mafungu hayo yote Weusi, wachanganyiko na wenyeji wa asili wanapata sehemu inayolingana na idadi yao katika jimbo. Mahakama kuu ya nchi hiyo ilikuwa imeshaukubali upendeleo wa rangi bila jaji hata mmoja kupinga, na marekebisho ya mwaka 2023 yakaushusha ukomo wa kipato ili uwafikie walio chini zaidi. Ina matatizo yake, hasa kamati zinazomtazama mwombaji usoni kuhakikisha hajadanganya kuhusu rangi, jambo linaloniumiza nikilifikiria. Lakini kimuundo ndio jibu bora ninalolijua: uchumi kwanza, rangi ndani yake. Marekani haiwezi kuliiga bila mahakama yake kubadilika.

Kwa anayejaza fomu mwaka huu

Kijana anayeishi Marekani bado anaweza kuandika kuhusu rangi yake. Jaji Mkuu John Roberts alisema wazi kwamba chuo hakizuiwi kumsikiliza mwombaji anapoeleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, mradi kinampima kwa ujasiri au uwezo alioupata yeye mwenyewe. Kama kuna tukio lililokubadilisha, liandike. Kama halipo, usilitafute. Kwa wengi wa watoto wetu hoja yenye nguvu zaidi ni ya kazi na majukumu: zamu za usiku ghalani, wadogo wanne wa kulea, ukalimani wa hospitalini. Orodha ya shughuli kwenye Common App, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vingi, inapokea majukumu ya nyumbani sawasawa na uongozi wa klabu, na wengi wanaiacha wazi kwa kudhani kulea ndugu si shughuli. Familia ya watu wanne yenye kipato chini ya dola 65,000 iitazame mapema QuestBridge, mpango unaowaunganisha wanafunzi hodari wa kipato cha chini na vyuo, kwa kuwa maombi yake hufungwa kabla ya ya vyuo.

Kwa anayeomba kutoka Mwanza au Kisumu bila uraia wala green card, mizani inageuka. Vyuo humhesabu kwenye kundi la wanafunzi wa kimataifa, na ruzuku ya Pell hapewi. Kwake kipato ndicho kigezo kikubwa, lakini kwenye vyuo vingi kinafanya kazi kinyume: kadiri anavyohitaji msaada ndivyo nafasi yake inavyopungua, kwa sababu chuo kinatazama uwezo wa kulipa kabla ya kumkubali. Vyuo visivyoutazama uwezo huo kwa wageni ni vichache mno, kati yao Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown, na vyote vinachuja vikali. Kenya ina mpango wa KenSAP ambao tangu mwaka 2004 umewaandaa vijana hodari wa familia maskini kwa vyuo vya namna hii. Kwa chuo kingine chochote, kabla ya kulipa ada ya maombi, waandikie ofisi ya msaada wa fedha uwaulize maswali mawili: je, kuomba msaada kunapunguza nafasi ya mwanafunzi wa kigeni kukubaliwa, na je, anayekubaliwa anapewa msaada wa mahitaji yake yote au sehemu tu.